Baada ya Manzikert, Warumi wa Anatolia walikwenda wapi?

*"Nafundisha historia chuo cha ualimu na naandaa mada ya saa mbili juu ya Anatolia. Vitabu nilivyo navyo vinasema kwa kifupi: mwaka 1071 Waturuki waliwashinda Wabizanti pale Manzikert, wakaichukua Anatolia, nchi ikawa ya Kituruki na ya Kiislamu. Lakini kila nikichimba nakutana na mambo yasiyoingia katika maelezo hayo: sultani anakimbilia kwa Kaisari, mtu aliyekuja kuwa Kaisari anaongoza askari wa sultani, kanisa linachorwa na jina la sultani likiwa ukutani. Walikuwa maadui au ndugu? Na wale Wagiriki wenyewe, waliuawa, walihama, au walisilimishwa kwa upanga? Naomba jibu ninaloweza kulitetea mbele ya darasa, na ushauri wa namna ya kusoma maandiko ya wakati ule."*

Mwalimu, mashaka yako yana msingi. Kitabu chako hakijadanganya, kimefupisha mno: kimebana karne tatu na zaidi ndani ya siku moja ya Agosti. Nani aliitawala Anatolia, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, ni swali moja. Nani aliishi humo ni swali lingine, na majibu yake hayaendi kwa mwendo mmoja. Utawala wa Constantinople (Istanbul ya leo), mji wa Kaisari, katika uwanda wa ndani uliporomoka kwa takriban miaka kumi. Watu walibadilika polepole hadi karne ya 14 na ya 15, na wako ambao hawakubadilika kabisa.

Kwanza tuweke sawa majina, maana bila hayo wanafunzi watapotea. Watu hawa hawakujiita Wabizanti. Jina hilo lilienezwa na wanazuoni wa Ulaya baada ya dola lenyewe kwisha. Walijiita Warumi, na Waislamu nao waliwaita Rum, wale wale wanaotajwa katika Sura ya Ar-Rum. Ndiyo maana mtawala wa Kiseljuki, yaani wa ukoo wa Kituruki wa Alp Arslan, aliyekaa Konya katikati mwa Anatolia anaitwa Sultani wa Rum. Mfano mzuri kuliko yote ni sarafu ya Malik Muhammad wa ukoo wa Danishmend, aliyetawala kaskazini mashariki mwa Anatolia kati ya 1134 na 1142. Ni mtawala Mwislamu na Mturuki, lakini maandishi ya sarafu yake ni ya Kigiriki, nayo yanamtaja kuwa Malik mkuu wa nchi yote ya Warumi na ya Mashariki. Hakuna aliyemlazimisha. Alitaka sarafu yake isomeke sokoni, na sokoni watu walisoma Kigiriki.

Sasa Manzikert yenyewe. Tarehe 26 Agosti 1071 Kaisari Romanos Diogenes alitekwa na Sultani Alp Arslan. Hapo ndipo wengi wanapodhani jeshi la Warumi lilifutika. Halikufutika. Sehemu kubwa ilirudi salama: kikosi cha akiba kiliondoka uwanjani bila kupigana, kikiongozwa na mtu wa ukoo uliompinga Romanos, na vikosi vingine vilikuwa vimeshatengwa kabla ya pambano. Alp Arslan naye hakuwa na mpango wa kuichukua Anatolia. Macho yake yalikuwa Syria na Misri. Alimwachilia Kaisari baada ya siku chache kwa makubaliano ya fidia, kodi ya kila mwaka na miji kadhaa ya mpakani, kisha akarudi mashariki, ambako aliuawa mwaka 1072.

Kilichoiua Anatolia ya Kirumi ni yaliyofuata. Romanos aliporudi alikuta ameshapinduliwa. Akapigana na wenzake, akashindwa, akatobolewa macho, akafa 1072. Mkataba wake na sultani ukafa naye. Kisha ikaja miaka tisa ya makaisari na wadai taji kugombana, na kila upande ukitafuta wapiganaji wa kukodi. Mwaka 1074 serikali ya Michael VII ilimkodi kiongozi wa Kituruki, Artuk, ili kumkabili Roussel de Bailleul, Mnormani aliyekuwa askari wa kukodi wa serikali hiyo hiyo kabla ya kuasi. Mwaka 1078 Nikephoros Botaneiates alipata taji akisindikizwa na Waturuki wa Suleiman bin Qutulmish. Miaka ya 1080 na 1081 Nikephoros Melissenos, naye akitafuta taji, aliingiza vikosi vya Kituruki kulinda miji aliyoiteka ya magharibi, Nicaea ikiwemo. Alipojiondoa katika mashindano, vikosi vile vilibaki. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nicaea iko mwendo wa siku chache tu kutoka Constantinople, na Waturuki hawakuivunja milango yake, walifunguliwa. Ukiwa na nusu saa tu ya kueleza kuanguka kwa utawala, itumie kwa miaka hii na siyo kwa siku ya vita.

Mpaka wenyewe haukusonga upande mmoja tu. Mwaka 1097, kwa msaada wa Vita vya Msalaba vya kwanza, Kaisari Alexios Komnenos aliirudisha Nicaea, na Waseljuki wakahamishia makao yao Konya. Pwani na mabonde ya magharibi yakakaa tena chini ya Kaisari kwa karne mbili hivi, ilhali uwanda wa ndani ukabaki kwa Waturuki. Kushindwa kwa Kaisari Manuel Komnenos na Waseljuki kule Myriokephalon mwaka 1176 kulimaliza ndoto ya kuurudisha uwanda huo. Mwaka 1204 waliouvunja mji wa Constantinople walikuwa Wakristo wa Magharibi, siyo Waturuki. Magharibi mwa Anatolia kulipotea kweli baada ya 1261, pale makaisari waliokuwa wamehamia Nicaea waliporudi Constantinople, wakaelekeza fedha na askari Ulaya na kuwaondolea walinzi wa mpaka nafuu za kodi walizokuwa nazo. Osman, mwasisi wa ukoo wa Waothmani, aliwashinda Warumi pale Bapheus mwaka 1302, Bursa ikaanguka 1326, Nicaea 1331.

Tuje kwa watu, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Jibu fupi ni kwamba yote matatu uliyoyataja yalitokea, pamoja na la nne ambalo hukulitaja na ambalo huenda lilikuwa na uzito kuliko mengine: kubadilika kwa familia, kizazi kwa kizazi, bila siku moja ya kukumbukwa.

Mauaji na utumwa vilikuwepo, na usivifiche. Ani, mji wa Waarmenia, ilitekwa kwa umwagaji damu mwaka 1064, na Kayseri, iliyoitwa Kaisareia, iliporwa 1067 pamoja na kanisa la Mtakatifu Basil. Angalia miaka hiyo: yote ni kabla ya Manzikert. Lakini madhara makubwa kwa mkulima hayakuletwa na jeshi la sultani. Yaliletwa na mifugo. Waturkomani walikuwa wafugaji wa kuhamahama, kiangazi juu kwenye baridi, majira ya baridi chini mabondeni, na njia yao kati ya malisho haya mawili ilipita katikati ya mashamba ya ngano na mizabibu. Kijiji kinachopoteza mavuno misimu miwili mfululizo hakisubiri wa tatu. Watu walihamia mji wenye ukuta au pwani, na shamba likageuka malisho. Masultani wa Konya wenyewe hawakupenda hali hiyo, kwa sababu mkulima ndiye aliyelipa kodi. Mara nyingine walihamisha wakulima Wakristo na kuwapa ardhi na msamaha wa kodi ili walime.

Kuhusu kusilimishwa kwa upanga, sheria ya Kiislamu haikuruhusu kumlazimisha Mkristo aliyekubali ulinzi na kulipa jizya (kodi ya wasio Waislamu), na kwa kawaida dola la Konya lilifuata hilo. Shinikizo lilikuja kwa njia nyingine. Kanisa la Anatolia lilikuwa mwenye ardhi mkubwa, na kwa mapato ya ardhi hiyo liliendesha hospitali, makao ya yatima na kulisha maskini. Ardhi ilipochukuliwa, askofu hakuwa na cha kuishi nacho. Wengi walikaa Constantinople na cheo kisicho na jimbo. Ardhi zile zile zikawa wakfu wa misikiti, madrasa na zawiya (makazi ya masufi). Hospitali na madrasa ya Gevher Nesibe mjini Kayseri ilikamilika mwaka 1206. Mgonjwa, yatima au msafiri wa mwaka 1050 alipata msaada wake kanisani. Wa mwaka 1250 aliupata kwenye wakfu. Hapo ongeza ndoa. Mwanamume Mwislamu aliweza kumwoa Mkristo, kinyume chake hakikuwezekana, na watoto walihesabiwa Waislamu. Mseto wa aina hiyo ukiendelea kwa vizazi kumi, hesabu ya mji hubadilika bila mtu kuchomoa kisu.

Ushahidi kwamba mambo hayakuwa mepesi uko Nicaea. Baada ya mji huo kuanguka, Patriarki John Kalekas, mkuu wa kanisa la Constantinople, aliwaandikia watu wake mwaka 1338 na tena 1340. Aliwaambia kuwa walioikana imani kwa hofu wanaweza kurudi, na kwamba anayeogopa adhabu anaweza kuishika imani yake kwa siri. Patriarki haandiki hivyo kama hakuna shinikizo. Wala haandiki hivyo kama watu wote wameshauawa.

Matokeo tunayaona katika madaftari ya kodi ya Waothmani ya mwanzo wa karne ya 16: katika Anatolia, zaidi ya asilimia 90 ya kaya zilikuwa za Waislamu. Sehemu moja ilikwenda kinyume, nayo ni Trabzon na milima yake, ambako Wakristo walikuwa bado wengi. Kwa nini? Kwa sababu Trabzon iliingia mikononi mwa Waothmani mwaka 1461, moja kwa moja chini ya serikali imara, bila kupitia zile karne za wafugaji, vita vya mpakani na majimbo yasiyo na maaskofu. Ukitaka darasa lielewe sababu badala ya kukariri miaka, waache walinganishe Trabzon na Konya.

Sasa maadui au ndugu? Walikuwa vyote viwili, na mara nyingi ni mtu yule yule. Mtazame John Axouch: mtoto wa Kituruki aliyetekwa Nicaea mwaka 1097, akakuzwa ikulu kama mwenza wa michezo wa mwana wa Kaisari, na rafiki yake huyo, John II, alipotawazwa, yeye akawa amiri jeshi mkuu wa Warumi. Upande wa pili yuko John Komnenos, mpwa wa Kaisari huyo huyo. Katika mazingira ya Neocaesarea, ambayo leo ni Niksar, mwaka 1140 hivi, alikwazika kwa kutakiwa ampe farasi wake askari wa kigeni, akavuka kwenda kwa Waturuki, akasilimu na kumwoa binti wa Sultani wa Konya. Kilij Arslan II alialikwa Constantinople mwanzoni mwa miaka ya 1160 akakaa karibu miezi mitatu kwa karamu na zawadi. Mturuki mmoja katika ziara hiyo aliahidi kuruka angani kutoka juu ya uwanja wa mashindano ya farasi kwa vazi pana lililotandazwa, akaruka, akafa. Watu wa mji waliwacheka Waturuki kwa siku kadhaa. Miaka kumi na minne hivi baadaye mgeni yule wa heshima alilivunja jeshi la mwenyeji wake kule Myriokephalon.

Kaykhusraw I, ambaye mama yake alikuwa Mkristo, alipoteza kiti akaishi uhamishoni Constantinople, akamwoa binti wa Manuel Maurozomes, akarudi kutawala Konya mwaka 1205. Alifia vitani mwaka 1211 akipigana na Kaisari wa Nicaea. Yule uliyemtaja, mtu aliyekuja kuwa Kaisari na kuongoza askari wa sultani, ni Michael Palaiologos: mwaka 1256 alikimbilia Konya akihofia kushtakiwa kwa uhaini, akapewa kikosi cha Wakristo kupigana na Wamongolia karibu na Aksaray. Miaka mitano baadaye alikuwa Kaisari ndani ya Constantinople, na sasa zamu ya kukimbia ikawa ya Sultani Kaykaus II. Sultani huyu alikuwa mtoto wa mwanamke wa Kirumi, na wajomba zake Wakristo walikuwa na nguvu ikuluni kwake. Patriarki Arsenios alishtakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa kumruhusu sultani na wanawe kushiriki ibada. Hata hivyo Kaisari hakumrudishia kiti chake. Alimweka karibu kama mateka, maana alihitaji urafiki wa Wamongolia zaidi.

Kanisa lenye jina la sultani ni la Mtakatifu George, Belisırma, katika bonde la Ihlara huko Kapadokia, lililochorwa kati ya 1283 na 1295. Mfadhili Basil Giagoupes, mwenye cheo cha emiri, amechorwa akiwa na kilemba na kaftani. Bibi Thamar ameshika mfano wa kanisa. Maandishi yanamtaja Sultani Masud, kisha Andronikos, mfalme wa Warumi. Walimtambua mmoja kuwa mtawala wa nchi yao na mwingine kuwa mfalme wa imani yao. Hawakuona mgongano, na sioni kwa nini sisi tuwaundie.

Lakini hapa nakuomba uwe mwangalifu. Siku hizi kuna mtindo wa kuigeuza Konya ya karne ya 13 kuwa bustani ya amani, kwa kuwa Jalaluddin Rumi, mshairi na sufi aliyeishi humo, alitunga beti kadhaa kwa Kigiriki, alifika kwenye monasteri iliyo nje ya mji, na alipofariki Desemba 1273 Wakristo na Wayahudi nao walisindikiza jeneza. Hayo yameandikwa. Pia Gök Medrese ya Sivas, ya mwaka 1271, ina jina la fundi wake Kaluyan wa Konya, ambalo ni jina la Kirumi. Ila ukaribu wa wakubwa na wasanii haukuzuia vijiji kuhama wala majimbo ya maaskofu kufa. Ukaribu huo huo ndio uliorahisisha mabadiliko: ukishakuwa na shemeji, mshirika wa biashara na mlezi upande wa pili, kuvuka si safari ndefu. Mwaka 1142 Wakristo wa visiwa vya ziwa la Beyşehir walikataa kumpokea Kaisari John II kwa sababu walikuwa wamezoea kufanya biashara na Waturuki wa Konya. Aliwatiisha kwa nguvu. Mwanahistoria Choniates, Mkristo mwenzao, aliandika kwa uchungu kuwa mazoea ya muda mrefu yana nguvu kuliko kabila na dini.

Na wapo waliobaki. Baadhi walishika Ukristo wakapoteza Kigiriki: Wakaramanli wa Kapadokia walisema Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kigiriki. Mkataba wa Uturuki na Ugiriki wa Januari 1923 ulihamisha watu kwa kigezo cha dini, siyo lugha, na hao wakapelekwa Ugiriki, nchi ambayo wengi wao hawakuijua lugha yake.

Kuhusu maandiko, kosa la kawaida ni kumchukua kila mwandishi kama shahidi. Attaleiates, mwandishi Mrumi, alikuwepo Manzikert; mwamini kwa kilichotokea, mpunguzie kwa sifa anazompa Romanos. Psellos, naye Mrumi wa ikulu, alikuwa adui wa Romanos. Anna Komnene, binti wa Kaisari Alexios, alizaliwa 1083, kwa hiyo ya 1071 aliyasikia tu. Masimulizi mengi ya Kiislamu ya vita hivyo yaliandikwa miongo au karne baadaye, na ile picha ya sultani kuvaa sanda nyeupe kabla ya pambano inazidi kunoga kadiri mwandishi alivyo mbali na tukio. Ibn Bibi, chanzo kikuu cha Waseljuki wa Rum, aliandika kwa Kiajemi baada ya 1280, chini ya kivuli cha Wamongolia. Usimwache Michael wa Syria, patriarki wa kanisa la Kisiria aliyefariki 1199: hakuwa Mwislamu wala hakulipenda kanisa la Constantinople, hivyo huona mambo ambayo pande mbili nyingine huyaruka.

Kwa tarehe, hesabu hizi mbili zitakuokoa. Mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 463 unakupa 1071. Ni makadirio, yanaweza kukosea mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria huvuka miaka miwili ya Kizungu. Mwaka wa Kirumi ulihesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu na ulianza Septemba 1: toa 5508 kama tukio ni la Januari hadi Agosti, toa 5509 kama ni la Septemba hadi Desemba. Manzikert ni Agosti 6579, ukitoa 5508 unapata 1071. Wengi husahau Septemba, ndipo unakuta vitabu viwili vinatofautiana mwaka mmoja kwa tukio lile lile.

Kwa mada ya saa mbili, tafsiri za Kiingereza au Kifaransa za waandishi hawa zinatosha. Ukiamua kuigeuza kuwa utafiti wa shahada, usiende peke yako. Tafuta msimamizi anayesoma angalau Kigiriki cha wakati ule au Kiajemi, ukae naye ana kwa ana mkipitia matini mstari kwa mstari, kwa sababu vyeo kama emiri au sebastos hubadilika maana kutoka ukurasa hadi ukurasa na tafsiri huvificha. Kama unajua Kiarabu, una mwanzo mzuri kuliko unavyodhani: maandishi mengi ya misikiti na madrasa za Waseljuki ni ya Kiarabu. Na mtu akikuletea picha ya sarafu au maandishi ya jiwe akikutaka useme ni ya nani, mpeleke kwa mtaalamu wa sarafu katika makumbusho au chuo kikuu. Uzito, kipenyo na upande wa nyuma havisomeki kwenye simu.